Shuka la Mzee Magesa

Mama Staza,

Mkami alirudishwa kwao. Naanza na hilo kwa sababu wewe hukuwa mtu wa kuzungushwa. Mtu akikuanzia habari za mvua na bei ya sato ulikuwa unamkatiza, unamwambia ataje panapouma. Basi panauma hapo. Mkami, mkamwana wa Mzee Magesa wa Butiama, yule binti uliyempenda kuliko sisi wote (usikatae, tulikuwaga tunaona), alirudishwa kwa wazazi wake Suguti na begi lake moja, na aliyesababisha ni mimi. Sijamwambia mtu yote. Sabina mwenzetu anajua nusu. Padri anajua robo. Nimekaa hapa uani kwako Bweri, kwenye kizingiti cha jikoni, daftari liko magotini, nikuambie wewe.

Utakasirika. Kasirika, lakini nisikilize mpaka mwisho, maana ulipokuwa hai hukunisikilizaga mpaka mwisho hata siku moja.

Kwanza habari za hapa. Ni miezi minane sasa tangu uondoke. Dada yako amepangisha vyumba viwili vya mbele, ametuachia ua na ile stoo ya mikeka. Bomba ulilofunga ukutani ili wagonjwa wajishikie lilianza kushika kutu, nikalipiga msasa na kulipaka rangi, rangi yenyewe ni ile ya bluu iliyobaki kwenye mlango wa choo, kwa hiyo usiniulize. Wale wanawake wa Jumamosi, wanaokuja kunyoosha migongo baada ya kuuguza wiki nzima, walikuwa kumi na wawili. Tumebaki watano. Mama Tereza alifiwa na mama yake, akasema hana tena wa kumuuguza, kwa nini aje. Nilimwambia sasa ndiyo ana sababu ya kuja. Hakuja. Wewe ungempata. Mimi uliniachia mikono yako, mdomo wako ukaondoka nao.

Na watu bado wananiuliza sisi ni nini hasa. Wewe ulikuwa unajibu kwamba ni mhudumu wa wodi mstaafu aliyewahi kuwa mcheza ngoma, mengine wajaze wenyewe, na watu wanacheka, yanaisha. Mimi nikijibu hivyo hawacheki. Basi naeleza kirefu: kwamba tunaenda majumbani kwa waliopigwa na kiharusi, tunawageuza, tunawaogesha, tunawanyoosha viungo kwa hatua za ngoma, kwa sababu mguu uliosahau kutembea mara nyingi haujasahau kucheza. Kwamba Jumamosi tunawanyoosha wanaowauguza. Kwamba mara mbili tatu kwa mwaka tunapanda jukwaani, tunacheza kile ambacho kazi hii inatufanya mwilini. Wakisikia ngoma wanadhani uganga. Wakisikia mazoezi wanaomba cheti. Wakisikia kuogesha wagonjwa wanauliza kama tunalipwa, halafu wananionea huruma.

Jukwaani ulikuwa na sheria moja tu, na uliisema mpaka tukaichoka: "Hatuchezi wagonjwa. Tunacheza migongo yetu." Naijua. Sikuisahau. Ningekuwa nimeisahau ingekuwa nafuu.

Najua unamkumbuka Mzee Magesa, lakini acha niseme tangu mwanzo, maana nikiruka kitu nitajidanganya. Siku ya kwanza tulipofika kwake alikuwa na kidonda cha kulalia nyongani upana wa kiganja. Mkewe alishafariki. Mwanawe Wambura anavua dagaa Kisorya, anakuja baada ya wiki mbili, tatu. Mdogo wake mzee, Mzee Bwire, alikuwa anakuja asubuhi kumwogesha na kumgeuza, kisha anaenda shambani, hana namna. Kuanzia hapo mpaka jioni mzee analala ubavu uleule. Na nyumbani yupo mtu mmoja tu, Mkami, mke wa Wambura, ana nguvu zake, ana huruma zake, na hawezi kuingia chumbani. Kwetu mkamwana hamgusi baba mkwe. Hakai kitandani kwake, hamuoni akiwa hajavaa. Alikuwa anapitisha sahani chini ya pazia. Alituambia, "Namsikia anavyoguna, na siwezi kuingia." Aliongea akiangalia miguu yake.

Mimi nilikuwa tayari na hotuba. Nilitaka kumwambia mila haiponyi kidonda. Ulinikanyaga mguu, kweli kabisa, kisigino chako kwenye dole gumba langu, ukamwambia Mkami kwamba mila si adui yake na hakuna atakayemlazimisha. Kisha ukaenda ukakaa kwa mzee asubuhi nzima. Ulimi wake ulishalegea, maneno hayatoki. Ukaweka vidole viwili kwenye kiganja chake cha kulia bila kubonyeza, ukangoja mpaka pumzi yake ikatulia, ndipo ukaanza kumuuliza. Akibonyeza mara moja ni ndiyo. Mara mbili ni hapana. Unauliza, unangoja, mimi nasinzia ukutani.

Wazo la shuka halikuwa lako wala langu. Lilikuwa la kwake mwenyewe. Alishika upindo wa shuka alilolalia, akaukusanya kwa mkono wake mzima, akaunyoosha kuelekea kwenye pazia alikosimama Mkami. Wewe ndiye uliyeelewa wa kwanza, ukaanza kulia, na hukuwahi kulia mbele ya mgonjwa.

Basi ukamfundisha Mkami. Anaingia amegeuzia uso ukutani. Anakunja upindo wa shuka mara mbili, anaushika karibu na bega na karibu na nyonga, anavuta pumzi, anayumba kutoka miguuni, wala si mikononi, vilevile uzito unavyotoka kiunoni kwenye ngoma za mama zetu, na shuka linamgeuza mzee. Mkono wake haufiki kwenye ngozi. Anaimba kwa ndani, mdomo umefungwa, ili mzee ajue mvuto unakuja lini. Saa nane mchana, na tena saa kumi. Kuogesha kunabaki kwa Mzee Bwire. Ukamuuliza mzee, Wambura aambiwe? Mara mbili. Mdogo wako aambiwe? Mara mbili. Ukasema sawa, tutabaki sisi wanne. Baada ya miezi mitatu kidonda kilifunga, na Mzee Bwire akawa anajisifu kijiji kizima kwamba ni dawa yake ya majani.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Kata nilikuwa mimi.

Halafu ukaugua wewe. Sitaandika mengi hapa. Wiki tatu wodini, nilikugeuza mimi na Sabina kwa zamu, na ulikuwa mgonjwa msumbufu sana, Mama, ulikuwa unatukosoa mikono mpaka siku uliyoacha kuongea. Nilipotoka kwenda kununua sabuni ndipo ukaenda. Sabuni. Nilirudi nayo mkononi, nesi akanishika bega, na mpaka leo ile sabuni ipo, sijaifungua, siwezi kuitumia wala kuitupa.

Pale makaburini nilimsikia mtu nyuma yangu akisema basi na kikundi kimekwisha. Hakusema kwa ubaya. Lakini liliniingia, likakaa. Kwa hiyo parokia moja ya Bunda walipotualika kwenye siku yao ya wagonjwa, nikasema tutaenda, na tutawaonyesha kama kimekwisha. Unaona nilikotokea. Sikuwa naenda kucheza mgongo wangu. Nilikuwa naenda kumjibu mtu ambaye hata sura yake sikuiona.

Nikatengeneza mchezo wa shuka. Sabina awe mkamwana, mimi niwe mzee. Siku ya kwanza ya mazoezi Sabina aliuliza kama Mkami tumemwambia. Nikamjibu kwamba hatutaji jina, hatutaji kijiji, wakamwana wenye wakwe wagonjwa wamejaa Mara nzima. Aliniangalia tu. Unamjua Sabina, akishakuangalia hivyo hasemi tena, anakuachia mzigo wako. Nikaendelea kukunja shuka.

Na mchezo ulikuwa mzuri, Mama Staza. Nakuambia ukweli hata kama ni aibu, haijawahi kutokea kitu kizuri hivyo mikononi mwangu. Nimekaa na ule mkono wa Mzee Magesa miaka miwili, mwili wangu unamjua. Ngumi ya kushoto iliyofungwa, dole gumba limo ndani. Pumzi inavyokwama kidogo kabla ya mvuto. Na ile tabia yake, akiona shuka limekunjwa anapeleka mkono wa kulia na kujishika sikio la kushoto, analishika hivyo mpaka amalize kugeuzwa. Mimi nilidhani ni ugonjwa. Nikaviweka vyote mchezoni, sikio na kila kitu.

Ukumbi ulijaa, wengine walisimama madirishani. Kwaya ilimaliza, tukaingia. Sabina akageuzia uso ukutani, akaanza kuimba kwa ndani, na pale ukumbini ukasikia benchi zinaacha kulia. Wanawake walikuwa wanafuta macho kwa ncha za vitenge. Nikiwa nimelala kwenye ile meza, kichwa kinaning'inia kidogo, nilimwona mama mmoja mtu mzima kwenye benchi la tatu akisimama katikati ya mchezo na kutoka nje. Nikajisemea, huyo tumemfikia. Nilifurahi. Jamani, nilifurahi.

Yule mama anaitwa Nyanjura. Ni mdogo wake Mzee Magesa, ameolewa Nyasura, hapohapo Bunda, na alikuja kwa sababu jumuiya yao ndiyo ilipika chakula cha wageni. Ile ya kujishika sikio si ugonjwa. Mzee Magesa anajishika sikio tangu mtoto, kila anapoona aibu, walikuwa wanamtania nyumbani kwao. Mimi sikutaja jina. Niliucheza mwili wa mtu mpaka dada yake akamtambua, na alichotambua ni aibu yake.

Siku mbili baadaye Wambura alinipigia kutoka Kisorya. Nilitegemea matusi, ningeyaweza. Aliongea taratibu, kwa heshima, akaniita dada. "Mmemfanya baba yangu maonyesho." Akakata. Yaliyofuata alinisimulia Mzee Bwire, na yeye alikuwa anaongea kwa taabu, maana alikuwa ameambiwa kuwa dawa yake ya majani haikuponya kitu. Ukoo ulikaa. Hawakumtukana Mkami, hawakumpiga. Walimuuliza kama ni kweli anaingia chumbani kwa mkwe wake na kumgeuza. Akasema ni kweli. Wakamuuliza nani alimruhusu. Akanyamaza. Wakamuuliza tena, akanyamaza. Wakaona basi, mwanamke amemwingilia mzee asiyeweza kujitetea. Wambura akaambiwa amrudishe kwao akapumzike, na neno kupumzika wewe unajua maana yake.

Umeelewa alichofanya? Angesema tu mzee mwenyewe alikubali. Neno moja. Hakusema, kwa sababu aliahidi. Siri ambayo mimi nilishaicheza mbele ya ukumbi mzima, na spika zimefunguliwa, yeye bado alikuwa anaitunza.

Ilinichukua siku tano kwenda Suguti. Nilijipa sababu, mara nina mgonjwa, mara barabara mbovu. Nilimkuta anamenya mihogo na mama yake. Alinipa kigoda, akanipa maji, akaniuliza za Musoma. Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima, nikayamwaga yote hapo, kwamba sikutaja jina, kwamba nilitaka watu waone kazi yake, kwamba wanawake walilia kwa ajili yake. Aliendelea kumenya mpaka nikaishiwa. Kisha akasema, bila kunyanyua sauti, "Ungeniuliza, ningekataa. Ndiyo maana hukuniuliza."

Nikamwomba aniruhusu niende kuwaambia ukoo kwamba mzee ndiye aliyetoa shuka. Alisema hilo si la kwake kuruhusu wala la kwangu kusema, neno ni la mzee, alitoe mwenyewe. Halafu mikono yake ikasimama, kisu kimebaki ndani ya muhogo, akaniuliza, "Saa nane anageuzwa na nani?" Hakuuliza kama mumewe amemsema, hakuuliza atarudi lini. Mama yake aliinuka akaenda nyuma ya nyumba, na mimi nikamwambia sijui. Akalia hapo. Hata kumshika bega sikuthubutu.

Kesho yake nilikwenda Butiama. Njiani nilikumbuka ulivyokuwa unaniambia nishushe mabega, nikayashusha, yakapanda tena. Nilimkuta Shangazi Nyanjura. Ameacha nyumba yake Nyasura, amekuja kumuuguza kaka yake mwenyewe. Dada anaweza kugusa, hana mwiko wowote. Lakini ana miaka sitini na kitu na hajui kugeuza mtu. Alikuwa anamnyanyua kwa mikono, anamkumbatia na kumvuta, peke yake. Nilimwona anavyotembea, mkono mmoja umeshika kiuno, nikajua kila kitu. Na chumbani, ile harufu. Wewe unaijua. Kidonda kilikuwa kimefunguka tena palepale nyongani.

Wambura alikuwepo, na Mzee Bwire. Hawakunifukuza, walinipa kiti. Nilipiga magoti, sikukaa. Niliomba msamaha kwa mzee kwanza, usoni kwake, nikamwambia nimechukua mwili wake bila ruhusa na kuupeleka kwa watu. Alikuwa ananiangalia. Mkono wake ukaenda sikioni. Nilitamani ardhi inifunike. Nikawaambia wenye nyumba kwamba kuna jambo moja hawajamuuliza mzee, wamekaa kikao cha heshima yake na hakuna aliyemuuliza yeye, naomba aulizwe mbele yao. Wakatazamana. Mzee Bwire akasema haya.

Nikaweka vidole kwenye kiganja chake. Nikangoja pumzi. Nikamuuliza kwa sauti, je, wewe ndiye uliyemtolea Mkami upindo wa shuka? Akabonyeza mara moja. Nilivyofurahi nikageuka kuwaambia, amesema ndiyo. Na hapo ndipo nilipoiona kazi yangu yote ilivyoharibika. Kile kibonyezo ni kidogo sana, anayekiona ni aliyeshika mkono tu. Wambura akaniuliza, "Dada, si wewe ndiye unayejua kumwigiza?"

Hakusema kwa hasira. Aliuliza tu. Na ana haki. Mtu aliyepanda jukwaani na kuwa baba yake, vidole, pumzi, sikio, kwa nini aaminiwe anaposema baba amesema? Nilikuwa shahidi pekee, na mimi ndiye niliyejichafua. Nilibaki nimeushika ule mkono, najua unachosema, na haunifai kitu.

Basi nikauachia. Nikamwita Shangazi Nyanjura aje. Ilikuwa ngumu kuliko kukushika wewe siku zile, nakuambia, kwa sababu nilijua akibonyeza vibaya, akiharakisha, au mzee akichoka, Mkami hatarudi. Nikamwonyesha namna ya kuweka vidole. Nikamwambia asibonyeze yeye, angoje pumzi ishuke, aulize jambo moja moja, na asijaribu kumsaidia kujibu. Vidole vyake vilikuwa vigumu kwa jembe. Wambura akaniomba nitoke nje, nikatoka.

Nilisimama karibu na banda la kuku. Sijui ni muda gani. Nilisikia sauti ya Shangazi, kisha kimya, kisha sauti yake tena. Mara moja nilisikia akilia, au akicheka, watu wazima wakiwa na wadogo zao au kaka zao huwezi kutofautisha. Nilisali, na sala yenyewe haikuwa nzuri, nilikuwa napatana bei na Mungu.

Shangazi alitoka peke yake. Alikaa kwenye gogo, akanyoosha mguu. Akasema kaka yake amekiri, shuka alilitoa yeye, na amemuuliza mara tatu kwa namna tatu kwa sababu hakuwa na imani, na mara zote ni ndiyo. Wambura na Mzee Bwire wataenda Suguti Jumapili kumchukua Mkami kwa heshima. Nilitaka kumshika mikono. Akaninyooshea kiganja, ningoje. Akasema amemuuliza na la Bunda pia, kama analikubali. Mara mbili. Akamuuliza kama anataka nije tena hapa nyumbani.

"Mara mbili," akasema Shangazi Nyanjura. "Mkami atarudi. Wewe usirudi."

Nikasema nimesikia. Nikamwomba jambo moja tu, nimwonyeshe namna ya kugeuza mtu bila kuvunja kiuno, mpaka Mkami afike. Alifikiri kidogo, akasema mzee hapana, nisimguse, lakini yeye nimwonyeshe. Akalala mwenyewe pale uani kwenye mkeka wa kuanikia mtama, mama mtu mzima, na kilemba chake kichwani. Nilimgeuza mara nne. Mara ya nne alisema, "Hapo pazuri kwa mgongo, niache kidogo." Nikamwacha. Kisha nikaondoka.

Mkami amerudi. Sabina ndiye anayeenda Butiama sasa, ananiambia kidonda kinajifunga taratibu na kwamba siku hizi pazia linakaa wazi mchana. Kwangu Mkami hajapiga simu, na nikimpigia hapokei. Sitampigia tena. Mchezo wa shuka tumeombwa mara mbili, mara moja hapa Musoma na kwa nauli nzuri, nimekataa. Wenzangu wawili wamenuna, wanasema yaliyopita yamepita, mzee hatajua. Labda hatajua.

Na sasa kuna hili, ndilo lililonitoa usingizini na kunikalisha na daftari. Kumbukumbu yako ya mwaka inakuja. Dada yako na wale wa Jumamosi wamekaa, wameniletea ombi. Wanataka nizicheze wiki zako tatu za mwisho. Wanajua ninazo. Kila mtu anajua ninazo. Nami nitakuambia siri ambayo Sabina hajui, nimeshajaribu, peke yangu, hapa uani, milango imefungwa. Zipo zote, Mama. Jinsi ulivyokuwa unatafuta ukingo wa godoro. Ile shingo yako. Nimecheza mpaka nikakaa chini nikalia, kwa sababu kwa dakika kumi ulikuwa hapa, na ninakukumbuka vibaya sana, hujui, ninakukumbuka mpaka meno yananiuma.

Watu watalia. Watasema kikundi hakijafa. Dada yako atapona kidogo, labda na mimi. Na sikukuuliza. Wiki tatu nilikaa na mkono wako kwenye mkono wangu, nilikuuliza kama una kiu, kama una baridi, kama nimwite padri. Hili sikukuuliza, na sasa huna namna ya kuniambia ndiyo wala hapana. Nilijaribu kujisemea kwamba wewe ungekubali, wewe ulikuwa mtu wa jukwaa. Ni rahisi sana kukuwekea maneno, Mama Staza, hubishi.

Kwa hiyo sitazicheza. Naahidi hapa kwa maandishi yangu. Siku ya kumbukumbu tutasali, nitapika, nitagawa chakula, kisha nitakaa kwenye mkeka na wenzangu. Watapiga ngoma, lazima wapige, nawajua. Wataniita jina langu, watanivuta mkono. Nitabaki nimekaa.

Kwaheri, Mama yangu. Pumzika.

Nyabwire